Pavement: wimbo waliouacha nje ya albamu ndio unaosikilizwa kuliko vyote. Ilikuwaje?

#1 Kasuku wa Ilala

Wakuu, salaam. Kuna jambo kuhusu bendi ya Pavement ya California ambalo kila nikilitafutia maelezo linaniponyoka. Bendi hii ilianzishwa mwaka 1989 mjini Stockton na marafiki wawili, Stephen Malkmus na Scott Kannberg, ikatoa albamu tano kati ya mwaka 1992 na 1999, ikasambaratika, ikarudi jukwaani mwaka 2010, kisha ikarudi tena mwaka 2022. Albamu yao ya kwanza, Slanted and Enchanted, hutajwa na wachambuzi wa Marekani kila wanapohesabu kazi muhimu za roki ya miaka ya tisini, na wimbo wao Cut Your Hair uliwafikisha hadi kwenye kipindi cha televisheni cha Jay Leno mwaka 1994.

Sasa fungueni ukurasa wao wa Spotify. Wimbo unaoongoza, tena kwa mbali sana, si Cut Your Hair wala Range Life. Ni Harness Your Hopes, ambao waliurekodi walipokuwa wakitengeneza Brighten the Corners, wakauacha nje, kisha wakauchomeka kwenye santuri fupi kama nyongeza. Ulipotoka haukuwa na video, haukuwa singo, na redio hazikuwa na habari nao. Je, bendi ilikosea kuchagua, au kuna mtu mwingine aliyetuchagulia sisi? Naomba hoja.

#2 Fundi Redio

Jibu ni kompyuta. Mapema mwaka 2017 Spotify walianza kuwawashia wasikilizaji wote ule utaratibu wa kuendeleza muziki wenyewe pale albamu au orodha inapokwisha. Kuanzia hapo wimbo huu wa upande wa pili wa mwaka 1997 ukaanza kuchaguliwa na mashine, na kila ulipochaguliwa hesabu yake ikapanda, na hesabu ilipopanda ukachaguliwa zaidi. Hakuna muujiza wowote hapo.

#3 Mwanamvua

Fundi, tuwekane sawa kwenye tarehe kabla hujatupeleka mbali. Mwaka 1997 ni mwaka wa albamu ya Brighten the Corners, iliyotoka Februari. Harness Your Hopes haukutoka mwaka huo hata kidogo. Ulitoka mwaka 1999 kwenye santuri fupi ya Spit on a Stranger, wakati bendi inauza albamu yake ya mwisho, Terror Twilight. Halafu Desemba 2008 ukatoka tena, safari hii ndani ya toleo jipya la Brighten the Corners lenye nyimbo nyingi za ziada. Kwa hiyo wimbo ulipewa nafasi mara mbili kabla ya hiyo kompyuta yako, na mara zote mbili dunia ikaupita bila kugeuka. Hilo linaweza kuisaidia hoja yako au kuivunja, mimi sijaamua.

#4 Fundi Redio

Linaisaidia, na nitaeleza kwa nini.

Pavement si bendi pekee iliyokumbwa na jambo hili. Damon Krukowski, aliyekuwa mpiga ngoma wa Galaxie 500 ya Boston, aligundua kwamba wimbo wao mmoja, Strange, ulio kwenye albamu ya mwaka 1989, uliruka ghafla Januari 2017 ukaziacha nyimbo nyingine zote za bendi hiyo, ingawa haukuwahi kuwa singo. Akauliza hadharani sababu ni nini, na mtaalamu wa takwimu wa Spotify akachunguza. Maelezo yaliyotoka yalikuwa rahisi, na mimi huyaona ya kutisha kidogo: mashine inapotafuta kitu cha kuendeleza baada ya wimbo wa mtu mwingine, huokota kile kinachofanana na vingine. Strange ulichaguliwa kwa sababu, kati ya nyimbo zote za Galaxie 500, ndio uliofanana zaidi na nyimbo za bendi zisizo Galaxie 500.

Sasa ichukueni Pavement, bendi iliyojipatia jina kwa magitaa yaliyolegezwa nyuzi, mapigo yanayoyumba na sauti ya mtu anayeimba kama ametoka kulala. Ukiitafuta katika lundo lake lote ile kazi inayoweza kukaa kimya kimya baina ya wimbo wa bendi moja na wa bendi nyingine bila msikilizaji kushtuka, utaangukia hapo hapo.

#5 Kijana wa Moshi

Kwa hiyo Malkmus alisoma historia Chuo Kikuu cha Virginia, akatunga kwa miaka kumi, akasifiwa na wachambuzi wa mabara mawili, halafu urithi wake ukaamuliwa na kifaa kinachotafuta wimbo usiomshtua mtu. Nimeshiba, naomba bili.

#6 Mpiga Gitaa wa Makongo

Hoja ya Fundi ina tundu, nami nitalipitia.

Ni kweli kwamba sauti ya Pavement ilisafishwa kadiri miaka ilivyokwenda. Rekodi zao za mwanzo zilifanyika nyumbani kwa mpiga ngoma wao wa kwanza, Gary Young, huko Stockton, na ukizisikiliza kwa spika nzuri utasikia mvumo na mchakacho wa chini ambao studio kubwa ingeufuta. Ila ilipofika Brighten the Corners walikwenda North Carolina kurekodi na Mitch Easter, mtu yule yule aliyeshiriki kutengeneza albamu mbili za kwanza za R.E.M., na hapo magitaa yakawa safi, ngoma zikakaa mahali pake, sauti ya Malkmus ikasogea mbele. Kama sababu ya ushindi wa Harness Your Hopes ni usafi na utulivu wa sauti, basi Shady Lane na Stereo zilitoka kwenye kazi hiyo hiyo, kwa watu wale wale, na zilikuwa singo zenye video. Kwa nini mashine haikuziokota hizo? Shady Lane ni tulivu kuliko Harness Your Hopes, na haimshtui mtu hata aliyelala.

Mimi naamini kuna kitu ndani ya wimbo wenyewe. Gitaa la mwanzo linakuingiza bila salamu, mwendo si wa haraka wala wa polepole, na mashairi yanaanza kumwagika kabla hujajipanga. Hauna sehemu ya kusubiri.

#7 Mwana wa Lamu

Hapo umenena, Mpiga Gitaa, ila umeishia mlangoni. Mimi nimelelewa na watu wanaopima shairi kwa vina na mizani kabla ya kuuliza linasema nini, na nilipousikia wimbo huu mara ya kwanza nilisimamisha kazi. Malkmus anapanga vina vya kati na vya mwisho mfululizo, kina kimoja kinazaa kingine ndani ya mstari huo huo, na anapita juu yake bila kukazia, kana kwamba hajali kama umeviona. Kuna mahali anamchokoza msikilizaji amletee neno lenye kina kimoja na jina la bendi yenyewe, na adhabu anayoitaja baada ya hapo ni ya kikatili na ya kuchekesha kwa pamoja. Maana ya jumla sikuipata, na baada ya kuusikiliza tena na tena nimeacha kuitafuta. Lakini ulimi unataka kuufuata.

Shady Lane ni mzuri, ila hauupi ulimi kazi.

#8 Shangazi Rehema

Nakaa upande wa Mwana wa Lamu, kwa ushahidi wa nyumbani kwangu. Wakati ule wa korona, watoto wakiwa wamefungiwa ndani, binti ya kaka yangu alikuwa akicheza mbele ya simu sebuleni, mikono inakwenda huku na huku kwa hatua alizozikariri TikTok, na muziki uliokuwa ukipiga ni huo. Nikasimama mlangoni na sufuria mkononi. Nilimuuliza kama anajua ni bendi gani, akaniambia ni vijana fulani wapya. Nilipomwambia kwamba nilikuwa mwanafunzi Leeds mwaka 1994 na nilinunua Crooked Rain, Crooked Rain ya watu hao hao kwa pesa iliyokuwa ya chakula, alinitazama kwa huruma.

Kwa hiyo, Fundi, huenda mashine iliuleta wimbo hadi mlangoni, lakini watoto ndio walioufungulia. Zilikuwepo nyimbo nyingi zilizoletwa na mashine hiyo hiyo ambazo hakuna mtoto aliyezichezea.

#9 Mzee Kobe

Mnazungumzia tawi na mti mmeuacha. Swali la msingi ni kwa nini Pavement walifika mahali pa kuwa na wimbo mzuri na wasijue wana wimbo mzuri, na jibu langu ni kwamba walimpoteza Gary Young.

Gary alikuwa amewazidi wenzake umri kwa zaidi ya miaka kumi. Wakati Malkmus na Kannberg wanakwenda kwake mwaka 1989 kurekodi santuri yao fupi ya kwanza, Slay Tracks, iliyochapishwa nakala 1,000, walikuwa wateja tu wa studio yake, naye akaishia kupiga ngoma kwa sababu alikuwepo. Jukwaani alisimama kwa mikono miguu ikiwa juu, na mlangoni aliwagawia watazamaji kabichi na viazi. Alilewa, alipoteza mapigo, hadi Bob Nastanovich akaletwa kupiga ngoma ya pili ili kumshikia mwendo. Lakini yeye ndiye aliyewafanya wasikike kama watu ambao lolote linaweza kuwatokea. Tangu aondoke hawakupata tena kibao, wakawa bendi ya kawaida yenye mashairi mazuri, na bendi ya kawaida haijui kuchagua.

#10 Mwanamvua

Mzee wangu, shikamoo, na kwa heshima zote: Gary aliondoka mwaka 1993. Crooked Rain, Crooked Rain ilitoka Februari 1994 na ngoma zimepigwa na Steve West, ambaye Malkmus alifahamiana naye walipokuwa walinzi wa Jumba la Makumbusho la Whitney mjini New York. Humo ndimo ulimo Cut Your Hair, uliofika nafasi ya 10 kwenye chati ya Billboard ya roki ya kisasa. Kibao pekee cha kweli cha redio walichowahi kukipata kilikuja baada ya Gary, si kabla yake.

#11 Mzee Kobe

Marahaba, mwanangu. Kibao hicho ni wimbo wa kuwakejeli wanamuziki wanaohangaikia sura na nywele ili wapate majina. Bendi iliyopata nafasi ya 10 kwa kuidhihaki nafasi ya 10 haikuwa na nia ya kwenda ya tisa. Nabaki na Gary wangu.

#12 Kijana wa Moshi

Mnamsahau Billy Corgan, kiongozi wa Smashing Pumpkins. Malkmus aliwataja Smashing Pumpkins kwa dharau ndani ya Range Life, Corgan akakasirika, akawafungia njia. Kwenye tamasha la Lollapalooza la mwaka 1995 walitupiwa matope na mashabiki wake na ndoto ya ukubwa ikaishia hapo.

#13 Msafiri wa Newark

Kijana, umeunganisha mambo mawili yaliyotokea kwa miaka tofauti, na kila moja lina uzito wake.

Suala la Corgan ni la mwaka 1994. Smashing Pumpkins ndio waliokuwa kilele cha Lollapalooza mwaka huo, na iliripotiwa kwamba Corgan alitishia kutopiga ikiwa Pavement watajumuishwa, nao hawakujumuishwa. Matope ni ya mwaka uliofuata, wakati tamasha linaongozwa na Sonic Youth, ambao walikuwa marafiki wa Pavement. Huko West Virginia watazamaji waliwarushia udongo na mawe hadi wakaondoka jukwaani. Waliorusha hawakuwa jeshi la Corgan. Walikuwa vijana waliochoka na jua, waliokuja kuona vikundi vyenye nguvu zaidi, wakakutana na watu watano wanaocheza kana kwamba wako mazoezini.

Na hapa ndipo ninapoona maelezo ya njia yao yote ya kazi. Pavement hawakujua kucheza mchana mbele ya umati usiowajua. Kwenye ukumbi wa watu mia chache waliokwisha kuwapenda, ule ulegevu ulikuwa haiba. Uwanjani ulionekana kama dharau.

#14 Kasuku wa Ilala

Nashukuru kwa mchango, Msafiri. Lakini hoja yako inaeleza kwa nini hawakuwa wakubwa mwaka 1995. Haielezi kwa nini wimbo waliouacha umekuwa mkubwa leo.

#15 Msafiri wa Newark

Inaeleza, ukinivumilia. Mimi nilikwenda kuwaona Kings Theatre, pale Flatbush Avenue, Brooklyn, msimu wa vuli wa mwaka 2022. Ni jumba la sinema la mwaka 1929 lililokarabatiwa, lenye dari la dhahabu na mapazia mekundu, mahali ambapo ungetarajia kuona opera. Mbele yangu walikaa mabinti wawili ambao nikiwakadiria walizaliwa baada ya bendi kuvunjika mara ya kwanza, na kulia kwangu alikuwepo baba mmoja mwenye ndevu za mvi na fulana ya ziara ya zamani iliyokwisha kubana. Ulipoanza Harness Your Hopes mabinti walisimama na kuimba kila neno, na yule baba akaketi. Ulipokuja wimbo wa Slanted and Enchanted baba akasimama na mabinti wakaketi kuangalia picha walizopiga.

Nilichokiona ni kwamba bendi yenyewe ilikuwa imebadilika. Rebecca Cole alikuwa kwenye kinanda akijaza mashimo yote ambayo zamani yaliachwa wazi, West alikuwa imara, na Nastanovich bado alipiga mayowe yake lakini kwa wakati unaofaa. Walikuwa wamejifunza kile wasichokijua mwaka 1995. Wimbo ule uliwasubiri hadi wakawa bendi inayoweza kuubeba.

#16 Fundi Redio

Maelezo mazuri ya usiku mmoja wa furaha, ila mpangilio wa wakati unayakataa. Wimbo ulianza kupaa mwaka 2017, miaka mitano kabla ya usiku wako wa Flatbush, wakati Pavement haipo kabisa kama bendi. Malkmus alikuwa Portland na kundi lake lingine, the Jicks. Kannberg alikuwa na shughuli zake, Nastanovich alikuwa kwenye biashara ya mbio za farasi, West alikuwa akijenga kwa mawe Virginia. Hakuna aliyekuwa akiubeba. Malkmus mwenyewe amesimulia kwamba aliusikia ukipigwa kwenye duka la mikate na haukumjia mara moja kwamba ni wake. Hata ile video ya wimbo ilitengenezwa mwaka 2022, na mwongozaji wa filamu Alex Ross Perry, baada ya wimbo kuwa tayari umeshinda.

#17 Mama Zuberi

Nimesoma kuanzia juu. Mimi ninaongeza jambo dogo kutoka upande wetu. Huduma ya Spotify ilifunguliwa rasmi Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika mwezi Februari 2021. Kwa maana hiyo wengi wa kizazi changu huku Mombasa walioijua Pavement kwa njia hiyo waliikuta na Harness Your Hopes tayari uko juu ya ukurasa. Kwetu haukuwa wimbo uliofufuka. Ulikuwa wimbo wa kwanza, na Cut Your Hair ndio niliouona kama nyongeza. Niliposikiliza Slanted and Enchanted baadaye nilidhani simu imeharibika spika.

#18 Mpiga Gitaa wa Makongo

Mama Zuberi, hilo la spika limenichekesha hadi mke wangu akauliza kulikoni. Albamu hiyo ilizunguka kwa kaseti za kunakiliana mwaka mzima kabla haijachapishwa na lebo ya Matador mwaka 1992, na mchakacho ule ndio uliowafanya watu waamini wameokota siri.

#19 Mwanamvua

Kabla hatujaondoka kwenye suala la kuchagua, naomba tuangalie jinsi bendi hii ilivyokuwa ikichagua siku zote, kwa sababu Harness Your Hopes si tukio la pekee.

Mwaka 1995, baada ya mafanikio ya Crooked Rain, kila mtu alisubiri albamu ya kuwavusha. Wakatoa Wowee Zowee, nyimbo 18, kwenye santuri mbili ambazo upande mmoja kati ya minne uliachwa mtupu, na singo ya kwanza waliyoipeleka redioni ni Rattled by the Rush, wimbo unaokwenda kwa kujikwaa. Malkmus alikuja kueleza baadaye kwamba siku hizo alikuwa akivuta bangi nyingi na kwamba masikioni mwake zile zilikuwa nyimbo za redio. Wachambuzi wa wakati ule wengi walidhani wanaikimbia bahati yao kwa makusudi. Leo hiyo ndiyo albamu ambayo mashabiki wengi wa zamani wanaitaja kuwa wanaipenda kuliko zote.

Kwa albamu yao ya mwaka 1999 wakamleta mtayarishaji Nigel Godrich, aliyekuwa ametoka kutengeneza OK Computer ya Radiohead, awanyooshee Terror Twilight. Godrich alipanga nyimbo kwa mfuatano wake, ukianzia na Platform Blues, ambao ni mrefu na wenye kuzunguka. Bendi ikaukataa, ikaanza na Spit on a Stranger, ambao ni mtamu na mfupi. Toleo jipya la mwaka 2022 limerudisha mfuatano wa Godrich, hivyo kila mtu anaweza kujiamulia nani alikuwa sahihi. Na tarehe 20 Novemba 1999, kwenye onyesho la mwisho Brixton Academy, London, Malkmus alitundika pingu kwenye kipaza sauti na kuwaambia watu kwamba hivyo ndivyo ilivyo kuwa ndani ya bendi.

Mtu anayeona bendi kama pingu hawezi kuketi na kuhangaika ni wimbo upi uingie na upi utoke. Sidhani walikosea. Nadhani hawakuwa wakitazama.

#20 Shangazi Rehema

Mwanamvua, hapo kwenye mwisho nakupinga. Mtu asiyetazama hatengenezi albamu tano zinazotofautiana vile. Malkmus alitazama sana, ila alichokiogopa ni kuonekana akitazama. Nilikuwa Uingereza miaka hiyo, na nawahakikishia kwamba vijana wa huko waliowaiga Pavement walikuwa wakijitahidi usiku na mchana kuonekana hawajitahidi. Hata Blur, waliokuwa wakubwa mara nyingi zaidi yao, walipobadilisha sauti yao mwaka 1997 walikiri kwamba walikuwa wakiwasikiliza Pavement.

#21 Kijana wa Moshi

Kwa hiyo Blur walichukua ulegevu wa Pavement, wakauongezea mayowe, wakapata wimbo unaopigwa kwenye viwanja vya mpira hadi leo. Haya, nani mwingine anadaiwa?

#22 Msimamizi

Suala la Blur lifunguliwe uzi wake. Turudi kwa Pavement.

#23 Mwana wa Lamu

Nina swali kwa Fundi kabla mlango haujafungwa. Kama mashine huokota wimbo unaofanana na nyimbo za wengine, hebu nitajie nyimbo tatu za bendi nyingine zinazofanana na Harness Your Hopes. Mimi nimejaribu na sikufika popote. Magitaa, ndiyo, yapo kwa wengi. Lakini mashairi yale, na namna ile ya kuyatema, sijayakuta kwa mtu.

#24 Fundi Redio

Mashine haisikilizi mashairi, ndugu yangu. Inapima mwendo, ukali wa sauti, aina ya vyombo, na zaidi ya yote inatazama watu waliosikiliza hiki walisikiliza na kipi. Upekee unaoutaja wewe hauonekani kwake kabisa. Kwake huo ni wimbo wa magitaa wa mwendo wa kati, wa dakika tatu na ushei.

#25 Mwana wa Lamu

Basi umenipa hoja yangu mwenyewe. Mashine iliuingiza bila kuujua ulivyo, na watu wakabaki nao kwa sababu ya kile ambacho mashine haikukiona.

#26 Fundi Redio

Na wale waliobaki na Strange ya Galaxie 500? Ule hauna vina vya kusifiwa na mtu wa Lamu. Wala sijasikia kwamba watoto waliuchezea TikTok. Ulipaa vile vile. Ukitaka kuniambia kwamba vina ndivyo vilivyoibeba Pavement, itabidi unitafutie kilichoibeba Galaxie 500, na kisiwe kompyuta.

#27 Shangazi Rehema

Fundi, Strange ulipaa ukawa mkubwa kuliko nyimbo nyingine za Galaxie 500. Harness Your Hopes ulipaa ukaivuta bendi nzima, ukaijazia majumba ya sinema, ukampa Perry sababu moja zaidi ya kutengeneza ile filamu yake, Pavements, iliyoonyeshwa tamasha la Venice mwaka 2024 na Joe Keery akiigiza kama Malkmus. Ukubwa wa namna mbili huo. Usituwekee kwenye mzani mmoja.

#28 Fundi Redio

Filamu hiyo ni ya mashabiki wa zamani, Shangazi. Perry hakuhitaji TikTok ili aipende Pavement. Na majumba yalijaa mwaka 2010 pia, walipojaza Central Park kabla mtu yeyote hajaujua wimbo huo.

#29 Mzee Kobe

Wakati mnagombania filamu ya Venice, ipo nyingine ya mwaka 2023, Louder Than You Think, inayomhusu Gary Young na iliyopewa jina la studio yake. Gary alifariki dunia mwezi Agosti mwaka huo huo akiwa na miaka 70. Itazameni kwanza, ndipo mniambie bendi hii ingekuwa nini bila yeye.

#30 Kijana wa Moshi

Mzee Kobe, nitaitazama leo. Lakini kwenye Harness Your Hopes ngoma amepiga West.